Sauti sikioni, nukta nundu kidoleni: shajara ya mradi, Ngamiani, Tanga

Kazi yenyewe ni hii: msomaji asiyeona asikie maandishi ya Kiswahili kwenye kompyuta na papo hapo ayapapase kwenye kifaa cha nukta nundu (Braille), bila sauti kumkimbia kidole na bila kidole kumsubirisha msomaji bure. Sauti peke yake inatoa maana haraka lakini haifundishi tahajia. Anayesikia tu hawezi kujua kama mwandishi ameandika "thamani" au "samani", hasa sauti ikitoka kwenye spika ndogo ya kompyuta. Nukta nundu zinaonyesha kila herufi, ila mwendo wake ni wa polepole. Tumeandika hatua zote ili mwingine, awe Pangani, Lushoto au Bagamoyo, aweze kuzirudia bila kupitia tulikokwama.

11 Januari 2025. Vifaa

Kompyuta mpakato ya Windows yenye kumbukumbu ya GB 4, programu ya kusoma skrini ya NVDA, ambayo ni ya bure, na injini ya sauti ya eSpeak NG, ambayo huja ndani ya NVDA na ina sauti ya Kiswahili. Kifaa cha nukta nundu ni cha mstari mmoja wa seli 20, kila seli, yaani nafasi ya herufi moja, ina pini nane zenye namba 1 hadi 8. Hakina vitufe vidogo vya kupeleka kishale (alama ya mahali ulipo kwenye maandishi) juu ya kila seli. Kina kitufe cha kusogeza mbele na cha kurudi nyuma tu.

Kompyuta na kifaa vilikuwepo. Anayeanza bila kitu ajue kwamba kifaa cha seli 20 ndicho gharama kubwa kuliko vyote. Bei yake huhesabiwa kwa mamia ya dola, na hilo linatosha kuwa sababu ya watu kadhaa kukitumia kimoja kwa zamu. Mipangilio iliyomo humu inafaa kwa zamu, maana NVDA inaweza kuhifadhi wasifu tofauti wa mipangilio, na kila msomaji akawasha wa kwake.

Kazi ya kuweka NVDA haina la kusimulia. Weka toleo la 2024.1 au jipya zaidi. Sababu iko kwenye siku ya 26 Aprili.

18 Januari. Kifaa kinachaji lakini kompyuta haikioni

Kifaa kiliwaka, betri ikajaa, NVDA haikukiona. Kasoro ilikuwa kwenye kebo. Kebo nyingi za bei ya chini zinazouzwa barabarani zina nyaya mbili tu za umeme. Zile mbili za kupitisha data hazimo. Simu ikichomekwa humo inachaji vizuri, kwa hiyo muuzaji naye hajui. Kabla ya kununua, chomeka simu kwenye kompyuta kwa kebo hiyo hiyo. Kama kompyuta haioni picha zilizomo kwenye simu, iache dukani. Kebo ya data tuliyopata iligharimu Sh 10,000.

Baada ya hapo kifaa kikawa kinapotea kila kompyuta ikikaa bila kuguswa. Windows huzima mlango wa USB ili kutunza umeme. Nenda kwenye orodha ya vifaa vya kompyuta, fungua kila kitovu cha USB, ingia sehemu ya umeme, ondoa alama kwenye ruhusa ya kompyuta kukizima kifaa. Fanya hivyo kwa vitovu vyote, kwa sababu mtu akihamisha kebo kwenda tundu la pili tatizo hurudi.

Kwenye NVDA, chagua kifaa kitambuliwe chenyewe. Umeme ukikatika na kompyuta ikazimika, ikiwaka tena hakuna haja ya kuchagua upya.

1 Februari. Jedwali la nukta nundu

Hapa ndipo walio wengi wanaotumia Kiswahili hukata tamaa, wakidhani kifaa ni kibovu. Kifaa ni kizima. Kinachokosewa ni jedwali la tafsiri, yaani orodha inayogeuza herufi kuwa nukta.

NVDA inaweza kuwa imewekewa jedwali la Kiingereza lenye vifupisho. Jedwali hilo likikutana na Kiswahili linafupisha lisipotakiwa. Neno "panda" linakuwa seli tatu: p, kifupisho cha nukta 1-2-3-4-6, kisha a. Neno "thelathini" linaanza na nukta 2-3-4-6, kifupisho cha neno zima la Kiingereza, na msomaji aliyefunzwa nukta nundu za Kiswahili hana hata pa kuanzia. "Shamba" nalo sh yake inamezwa kwenye seli moja ya nukta 1-4-6.

Fungua NVDA+N (kitufe cha NVDA, kwa kawaida Insert, pamoja na N), mapendeleo, mipangilio, sehemu ya nukta nundu. Matoleo mapya yana majedwali ya Kiswahili yaliyoorodheshwa chini ya Kenya, kuanzia daraja la kwanza lisilo na vifupisho. Chagua hilo la kwanza. Kama toleo lako halina, jedwali la Kiingereza lisilo na vifupisho linafaa kwa kazi hii. Weka jedwali lile lile kwa kusoma na kwa kuandika, la sivyo mtu ataandika kwa mfumo mmoja na kurudishiwa mwingine.

Baada ya jedwali kurekebishwa, bado neno la kwanza la kila mstari lilikuwa baya. Mstari ukisema "Tanga", herufi T ilikuja na pini ya 7 badala ya alama ya herufi kubwa mbele yake. Mstari ukianza na "14", tarakimu zilishuka chini ya seli bila alama ya namba. Kuna chaguo linalolifungua neno lililo chini ya kishale liwe kwenye mfumo wa nukta nane wa kompyuta, na huja likiwa limewashwa. Kila ukishuka mstari, kishale kinatua kwenye neno la kwanza, basi neno la kwanza ndilo linaloharibika daima. Lizime chaguo hilo.

Mengine ya kuzima kwenye ukurasa huo huo:

Kishale kinachopepesa. Kinainua pini za 7 na 8 na kuzishusha kila nusu sekunde. Kidole kilichozoea nukta sita za karatasi kinasoma pini hizo kama sehemu ya herufi, na mlio wake unaingia katikati ya sauti. Kiache kishale bila kupepesa, au usikionyeshe kabisa wakati wa kusoma tu.

Ujumbe. Taarifa ya betri au ya mtandao inaifunika mistari kwa sekunde 4 msomaji akiwa katikati ya neno. Zima ujumbe kwenye nukta nundu. Sauti itausema.

Maelezo ya mahali. Kwa seli 20 hakuna nafasi ya kuambiwa kwamba upo ndani ya sehemu ya kuandikia. Chagua maelezo hayo yaonekane pale tu msomaji anaporudi nyuma kwa makusudi.

Na nukta nundu zifungwe kwenye kishale cha maandishi, NVDA+Control+T, zisiachwe kufuata kishale cha mapitio, kile cha kukagua skrini bila kuhamisha kishale cha maandishi.

15 Februari. Sauti

Sauti ya Kiswahili ya eSpeak ni kavu, lakini inatamka silabi kwa ukamilifu na inakaza silabi ya pili kutoka mwisho inavyotakiwa. Kwa kazi ya kulinganisha sauti na herufi ukavu huo ni faida: haimezi irabu.

Tatizo lililokula muda ni sauti kugeuka Kiingereza ndani ya faili la Word huku kwenye Notepad ikibaki Kiswahili. Faili la Word hubeba alama ya lugha kwenye maandishi yake, na mengi yaliyochapwa hapa yamebeba Kiingereza kwa sababu aliyechapa hakugusa mpangilio huo. NVDA inaiona alama na kubadilisha matamshi. Ama chagua maandishi yote kwa Control+A na kuyapa lugha ya Kiswahili, ama zima ubadilishaji wa lugha kwenye mipangilio ya sauti, NVDA+Control+V. Tumechagua la pili, kwa kuwa mafaili yanatoka kwa watu wengi.

Hedifoni za Bluetooth tumeziacha. Zikikaa kimya kidogo zinalala, na zikiamka zinakata silabi ya kwanza. Kwa Kiswahili silabi ya kwanza ya kitenzi mara nyingi ndiyo inayobeba nafsi au ukanushi: "hawakufika" ikikatwa inasikika "wakufika", na kukanusha kote kumepotea. Hedifoni za waya, Sh 12,000, zivaliwe sikio moja, la pili libaki wazi kwa mwalimu na kwa watu wa chumbani.

1 Machi. Kusoma mfululizo kumeshindwa

Jaribio la kwanza la kusoma kwa pamoja lilikuwa lile ambalo kila mtu angelianza nalo: amri ya kusoma yote, NVDA+mshale wa chini, kidole kikifuata.

Haifai kwa seli 20. Mstari wa kawaida wa Word kwenye karatasi ya A4, maandishi ya ukubwa wa 11, una karibu herufi 90. Ili kuupapasa wote, msomaji anasogeza mara nne au tano. Sauti inaumaliza kwa sekunde tano au sita, kishale kinashuka, na kifaa kinaonyesha mwanzo wa mstari unaofuata. Kidole kilikuwa kwenye dirisha la pili, yaani seli 20 za pili za mstari, na seli zote zinabadilika chini yake. Baada ya mistari michache msomaji anaacha kupapasa na kusikiliza tu.

Tukapunguza kasi ya sauti hadi mwisho wa chini. Haikusaidia. Sauti iliyovutwa namna hiyo inachosha sikio, sentensi inasahaulika kabla haijafika mwisho, na bado mstari unaruka. Nafasi inayohitajika haipo ndani ya maneno. Ipo kati ya mstari na mstari. Sauti iende kwa kasi yake ya starehe, kisha inyamaze, na msomaji aamue lini mstari unaofuata uje. Kila kilichofanikiwa baadaye kimetokana na hili.

15 Machi. Kuyakata maandishi yalingane na kifaa

Mstari ukiwa mrefu kuliko kifaa, hakuna mpangilio utakaouponya. Maandishi yenyewe lazima yakatwe.

Njia ya kwanza ni kwa upana. Fonti ya Courier New ya ukubwa wa 12 hutoa herufi 10 kamili kwa kila inchi, kwa hiyo unaweza kuagiza idadi ya herufi kwa kupanga kingo za ukurasa. Tulianza na herufi 18 kwa mstari ili kila mstari uingie kwenye dirisha moja. Kidole kilifurahi, sauti ikaharibika: inasimama kila baada ya maneno mawili, na kirai kama "kwa sababu ya mvua" kinakatwa vipande.

Madirisha mawili ndiyo kipimo kilichokaa. Herufi 34 kwa mstari: kwenye A4, ukingo wa kushoto sm 2.5 na wa kulia sm 9.8. Kwa nini 34 na si 40? Kwa sababu nukta nundu zina alama ambazo maandishi ya wino hayana. Chukua mstari "Mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893". Kwa wino una herufi na nafasi 32. Kwa nukta nundu unakuwa seli 35, maana kuna alama mbili za herufi kubwa na moja ya namba. Tena, tumewasha chaguo la kutokata neno katikati, hivyo dirisha la kwanza linabeba "Mkonge uliletwa", seli 16, na nne zinabaki tupu. Dirisha la pili linabeba yaliyosalia kwa seli 18. Maneno yetu ni marefu: "watakapoandikishwa" peke yake ni seli 18 na linamiliki dirisha zima. Ukipanga herufi 40 kwa mstari, utajikuta kwenye madirisha matatu mara kwa mara.

Njia ya pili, na bora, ni kukata kwa maana kwanza, upana uwe kikomo tu. Kwenye Word fungua kutafuta na kubadilisha, Control+H. Tafuta koma na nafasi, weka koma na ^p (alama ya kuanza aya mpya). Tafuta nukta na nafasi, weka nukta na ^p. Koma ya ndani ya namba kama 2,500 haiguswi, kwa kuwa haina nafasi baada yake.

Vifupisho ndivyo vilivyotuharibia faili la kwanza. "Sh. 2,500", "Na. 4" na "Dk." vyote vina nukta na nafasi, vikakatwa vyote, na kiasi cha fedha kikabaki yatima kwenye mstari wake. Dawa: kabla ya kukata, badilisha nafasi iliyo baada ya vifupisho hivyo iwe ^s, yaani nafasi isiyokatika. Ukimaliza kukata, irudishe iwe nafasi ya kawaida. Orodhesha vifupisho vya somo lako mapema. Kila somo lina vyake.

Vishazi virefu visivyo na koma vikatwe kwa mkono kabla ya "lakini", "kwa sababu", "ili", "ambaye" na ndugu zake. Usikate kati ya nomino na sifa yake. Kwenye LibreOffice, ambayo ni ya bure, washa misemo ya ruwaza (regular expressions), andika \. unapotafuta nukta, na utumie \n mahali pa ^p.

Jambo moja la alama: ng' ya "ng'ombe" huja na mkato wa juu (') ulionyooka au uliopinda kutegemea aliyechapa. Uliopinda unaweza kutafsiriwa kama alama ya kunukuu badala ya nukta 3. Badilisha yote iwe mkato ulionyooka kabla ya kazi nyingine yoyote, huku ukiwa umezima usahihishaji wa papo kwa papo, maana Word itaipinda tena.

5 Aprili. Sauti inayokatwa na kidole

Maandishi yamekatwa, msomaji anashuka mstari kwa mshale wa chini, sauti inasoma, kidole kinaanza. Akisogeza kwenda dirisha la pili, sauti inakatika papo hapo.

Hili ni chaguo la NVDA lenye nia njema: wengi wanaosoma nukta nundu hawataki sauti iwasumbue, kwa hiyo kusogeza hukatiza sauti. Kwa anayetaka vyote viwili ni kizuizi. Kwenye mipangilio ya nukta nundu, zima ukatizaji wa sauti wakati wa kusogeza. Ni alama moja tu ya kuondoa, na bila kuiondoa mradi huu hauendi popote. Amri za kuhamia mstari mwingine zitaendelea kukatiza sauti, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Utaratibu uliokaa: mshale wa chini kwa mkono wa kulia, kidole cha shahada cha kushoto kinaanza kupapasa mara moja bila kungoja sauti imalize, cha kulia kinapokea katikati, kusogeza, dirisha la pili kwa namna hiyo hiyo. Sauti imekwisha wakati kidole kiko karibu nusu ya mstari. Kidole kinamaliza kimyakimya, na kimya hicho ndicho muda wa kutazama tahajia. Kifaa kikae mbele ya kibodi, juu ya mkeka wa mpira usioteleza, Sh 5,000. Kikiteleza hata kidogo kidole kinapoteza seli ya kwanza.

26 Aprili. Je, kidole kinasoma kweli?

Sauti ikitangulia kila mara, kidole kinaweza kupita tu bila kusoma. Mtu anaamini amepapasa "fahali" kwa kuwa amesikia "fahali".

Kipimo: ndani ya faili tumepandikiza maneno yaliyobadilishwa herufi moja au mbili, yanayokaribiana kwa sauti. "Mahari" mahali pa "mahali", "samani" mahali pa "thamani", "kura" mahali pa "kula", "aya" mahali pa "haya". Msomaji asome kwa utaratibu wa 5 Aprili na ataje kila neno lisilofaa. Aliyezoea nukta nundu tangu shule ya msingi aliyakamata. Aliyejifunza ukubwani aliyapita karibu yote, ingawa alikuwa ameeleza maana ya kila sentensi bila kosa.

Kwa huyo wa pili mpangilio umegeuzwa: kidole kwanza, sauti kwa kuulizwa. Tangu toleo la 2024.1 NVDA ina hali ya sauti inayosema pale tu inapoamriwa. Bana NVDA+S hadi itajwe. Sasa msomaji anashuka mistari kwa kitufe cha kusogeza cha kifaa chenyewe, na kompyuta iko kimya. Akikwama, au akimaliza mstari na kutaka kuhakiki, anabana NVDA+mshale wa juu na mstari unasomwa. Akibana mara mbili, unatajwa herufi kwa herufi. Kwenye mpangilio wa kibodi wa kompyuta mpakato amri hiyo ni NVDA+L. Kipimo kile kile kiliporudiwa kwa faili jipya, maneno yaliyopandikizwa yalianza kukamatwa.

Ushauri wetu: riwaya, gazeti na barua visomwe kwa utaratibu wa sauti kutangulia. Notisi za mtihani, imla na chochote ambacho msomaji atalazimika kukiandika mwenyewe visomwe kwa kidole kwanza. Anayejifunza nukta nundu upya asipewe sauti ya kutangulia kabisa mpaka kidole kikomae, hata akiomba.

10 Mei. Masika

Joto la Tanga na unyevu wa bahari vinaleta jasho, na kidole chenye jasho kinanata kwenye pini. Watu wanakimbilia poda. Poda, losheni na mafuta ya nazi vyote vinaingia kwenye matundu ya pini, vinashikana na vumbi, na pini inaanza kubaki chini. Pini moja ya nukta 1 ikikwama, b inasomeka kama nukta 2 peke yake na msomaji anailaumu akili yake.

Osha mikono kwa sabuni, kausha kwa kitambaa cha pamba, kitambaa kingine kikae pajani. Feni ielekezwe kwenye mikono. Kifaa kifutwe kikiwa kimezimwa, kwa kitambaa kikavu kisichotoa nyuzi. Usiku kilale ndani ya boksi la plastiki lenye kifuniko pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Kabla ya kila kipindi, fungua mstari wa majaribio wenye seli zote zilizojaa na mwingine mtupu, upapase seli moja moja. Ndiyo njia ya pekee ya kujua kwamba kosa si la msomaji.

24 Mei. Gharama hadi sasa, na kilichobaki

Kebo ya data Sh 10,000, hedifoni Sh 12,000, mkeka Sh 5,000, boksi na vitambaa Sh 9,000. Jumla Sh 36,000. Programu zote za kusomea hazikutugharimu kitu. Gharama halisi ni saa za kukata maandishi: alama za koma na nukta zinamalizwa na kompyuta kwa dakika chache, vishazi virefu vinahitaji mtu anayekijua Kiswahili na kukijali.

Majedwali yaliyomo ndani ya maandishi, yale ya safu za namba, bado. Safu tatu za namba zikishushwa kwenye mstari wa seli 20, sauti inataja kisanduku kimoja kimoja na kidole hakijui kiko safu gani. Jaribio linaloendelea ni kuvunja kila safu mlalo iwe mistari mifupi, jina la safu likitangulia: "Mwaka 1893", mstari unaofuata "Zao mkonge". Inasomeka, lakini kulinganisha namba mbili zilizo mbali kunadai kupanda na kushuka mistari mingi. Hisabati haijaguswa.

Mafaili yaliyokatwa yamehifadhiwa pamoja na nakala zake za asili ambazo hazijakatwa. Nakala ya asili isifutwe: kifaa cha seli 40 kikipatikana, kikomo cha upana kitabadilika na kazi ya kukata itaanzia hapo.